Kinanda cha MIDI cha zamani na kompyuta ya leo: USB yake, waya wa bei chee, waya wa jina au saundi kadi?

Nina kinanda cha Roland PC-200 mkII cha mwanzo wa miaka ya 1990. Ndani yake hakina sauti hata moja. Ni vitufe 49, mpini wa kupinda noti, na nyuma tundu moja la duara la pini 5 lililoandikwa MIDI OUT. MIDI ni lugha ambayo vinanda, kompyuta na vifaa vingine vya muziki huongea. Rafiki yangu ana kinanda cha kampuni nyingine, kidogo zaidi, kilichotengenezwa miaka kumi hivi baada ya changu, nacho kina USB. Siku tuliyokaa kuvifunga kwenye laptopu, wote wawili tuliamini chake kitakubali kwanza. Changu kililia jioni ile ile. Chake kilitusumbua wiki mbili, na mwisho kililia kwa kupitia tundu lake la duara, ambalo hatukuwa tumelijali kabisa.

Nasimulia hayo kwa sababu watu wengi wanaoulizia vinanda vya mtumba hupenda chenye USB na kukipita chenye tundu la duara wakidhani kimepitwa na wakati. Mimi siku hizi nafanya kinyume. Umri wa kinanda haukuambii mengi. Ukitaka kujua kama kitakubali, uliza kinaongea na kompyuta kwa njia gani, na njia hiyo inamtegemea nani.

Tundu la duara au USB ya kinanda chenyewe

MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule California, pale Prophet-600 ya Sequential Circuits ilipounganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland. Kampuni mbili zinazoshindana, kinanda kimoja kinapigwa, cha pili kinaitikia. Kasi waliyokubaliana ni biti 31,250 kwa sekunde, na kwenye tundu la duara kasi hiyo haijabadilika mpaka leo. Hakuna draiva (programu inayokitambulisha kifaa kwa kompyuta) kwenye tundu hilo, hakuna toleo la Windows, hakuna cha kuidhinishwa. Kinanda kinatuma namba: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa imeachwa. Kifaa chochote kinachoelewa namba hizo kitaitikia, kiwe cha 1985 au cha mwaka huu.

USB ina hadithi nyingine. Kanuni ya jumla ya kupitisha MIDI kwenye USB ilitoka 1999, na vinanda vinavyoifuata vinatambuliwa na Windows, Mac na Linux bila kuwekewa chochote. Lakini vingi vya mwanzo wa miaka ya 2000 havikuifuata. Vilikuja na CD yenye draiva za Windows 98 na XP, na kampuni ilipoacha kuzitengeneza, USB ile ikabaki tundu tu. Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32, hata ukiitafuta CD hiyo kwa tochi. Kuna vingine vinavyozidi hapo: kila ukivichomeka, kompyuta inatakiwa ivipe kwanza programu yao ya ndani, ndipo vijitambue kuwa ni vinanda. Kwenye Linux kuna kifurushi kiitwacho midisport-firmware kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo. Kwingineko, bila draiva ya kampuni umekwama.

Hata hivyo, kama kinanda chako kina USB, anza nayo, kwa sababu waya wake mara nyingi ni ule wa printa na huenda uko nao nyumbani. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie habu (kigawanya matundu ya USB), maana vinanda vingi vinakula umeme wa USB hiyo hiyo. Kama una simu ya Android 6 au zaidi na kile kiwaya cha OTG cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, jaribu kwenye simu kabla ya kuanza kuhangaika na laptopu. Simu haina draiva za kampuni za vinanda, kwa hiyo kinanda kikilia kwenye programu ya muziki ya simu, karibu hakika kinafuata kanuni ya jumla na kompyuta haitakisumbua. Kisipolia kwenye simu wala kwenye laptopu, jipe jioni moja ya kutafuta draiva, si zaidi. Geuza kinanda, angalia kama nyuma kuna tundu la duara.

Jambo moja kuhusu vinanda hivi vyenye USB na tundu la duara pia: ukitumia tundu la duara, USB haiko tena kwenye kompyuta, kwa hiyo umeme utoke wapi? Vingi vinakubali adapta. Vingi pia vinakubali ukichomeka USB yao kwenye chaja ya kawaida ya simu. Chaja inatoa umeme, tundu la duara linatoa noti. Ndivyo tulivyokifufua kile cha rafiki yangu.

Waya wa bei chee au waya wa jina

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waya wa bei chee unaujua hata kama hujui jina lake: upande mmoja plagi ya USB, katikati kiboksi kidogo chenye taa, upande wa pili vichwa viwili vya duara. Madukani huuzwa kwa jina la "waya wa MIDI", basi. Waya wa jina, kwa mfano Roland UM-ONE mk2 au mio ya iConnectivity, ukiutazama kwa mbali ni kitu kile kile. Tofauti ya bei inaweza kufika mara nne au zaidi, na muuzaji atakuapia kuwa unalipia jina tu.

Mimi nilianza na wa bei chee. Kwa siku tatu nilimwona muuzaji ni mtu mkweli. Nilipiga piano, ikalia, nikarekodi. Siku ya nne nikashika noti nyingi kwa mikono miwili huku nikipinda kwa mpini, na noti moja ikang'ang'ania. Niliinua mikono yote, noti bado inalia kama honi ya gari lililoachwa na dereva. Nikazima programu, nikawasha, nikarudia, tena ile ile.

Kilichotokea si uchawi. Kwenye MIDI, kubonyeza ni ujumbe mmoja na kuachia ni ujumbe mwingine. Ule wa kuachia ukipotea njiani, kompyuta inaamini kidole bado kipo. Na mpini wa kupinda, pamoja na vitelezi na magurudumu, hutoa mvua ya ujumbe kwa muda mfupi. Isitoshe, vinanda vingi vya zamani hubana maneno: vinataja amri mara moja, kisha vinatuma noti tu bila kurudia amri, ili kuokoa nafasi. Kiboksi chenye akili ndogo kikikosea kufuatilia ubanaji huo, noti zinapotea au zinageuka.

Si kila waya wa bei chee uko hivyo, na hilo ndilo tatizo lenyewe, kwani kwa kuutazama huwezi kujua. Kiboksi kile kile, ganda lile lile, ndani kunaweza kuwa na chipu tofauti. Moja inayokutwa sana ni CH345. Waliotengeneza mfumo wa sauti wa Linux wamelazimika kuiandikia utaratibu wake wa pekee ndani ya msimbo, mmoja kwa sababu ya jinsi inavyoshughulikia ujumbe mrefu unaoitwa SysEx, na mwingine kwa sababu haimudu vifurushi vikubwa inavyodai inavimudu. SysEx ndiyo inayotumika kuhifadhi mipangilio ya kinanda kwenye kompyuta na kuirudisha. Kama una sintesaiza ya zamani ambayo betri yake ya kumbukumbu inakufa na unataka kunusuru sauti zake, usithubutu kutumia waya usioujua. Faili inaweza kuhifadhiwa ikiwa na makosa, nawe utagundua siku unayoihitaji.

Kingine ni kipande kinachoitwa optokapla. Kanuni ya MIDI inataka upande unaopokea upokee kwa mwanga: umeme kutoka kwenye kinanda unawasha kitaa kidogo ndani ya chipu, na kitambuzi cha mwanga kinasoma. Kinanda na kompyuta havigusani kwa umeme hata kidogo. Faida yake utaijua ukitumia laptopu yenye chaja inayovuma: ile ngurumo haipiti kwenye waya wa MIDI. Baadhi ya waya za bei chee zimekiruka kipande hicho kuokoa senti chache.

Waya wa jina unalipia nini basi? Unalipia optokapla halali, kiboksi kinachofuatilia ubanaji bila kukosea, na SysEx inayopita nzima. UM-ONE mk2 una kiswichi kidogo chenye alama COMP na TAB. COMP hutumia draiva ya Roland. TAB hufuata kanuni ya jumla, iliwekwa kwa ajili ya tableti. Kiswichi hicho ndicho kilichofanya niupende, kwani siku draiva ikigoma kwenye mfumo mpya, unasogeza swichi na maisha yanaendelea. Hakikisha tu unaisogeza kabla ya kuchomeka.

Nikiwa mkweli, kwa mtoto anayejifunza piano, au mtu anayetaka kupachika besi na ngoma kwenye biti, waya wa bei chee mara nyingi unatosha. Anapiga noti chache, akikosea anarekebisha kwa kipanya. Kwa anayepiga mikono miwili na pedali, au anayetumia vitelezi, wa jina. Mimi nilinunua wa kwanza na bado nikaishia kununua wa pili, kwa hiyo nililipa bei ya vyote viwili.

Waya wa jina au saundi kadi yenye MIDI

Kabla hujalipia waya wa jina, jiulize kama mwaka huu utanunua saundi kadi ya kurekodia sauti, yaani kile kiboksi cha nje cha kuingiza na kutoa sauti. Kama jibu ni ndiyo, usinunue waya. Nunua saundi kadi yenye matundu ya MIDI, uokoe pesa na tundu moja la USB.

Hapa watu huteleza kwenye namba za modeli. Behringer UMC202HD haina MIDI, UMC204HD inayo. Focusrite Scarlett Solo na 2i2 hazina, 4i4 inayo. PreSonus AudioBox USB 96 inayo ingawa ni ndogo. Usimwamini anayekuambia "zote ni zile zile". Geuza boksi, tafuta matundu mawili ya duara. Ukikuta matundu madogo kama ya hedifoni yameandikwa MIDI, si kosa, lakini utahitaji kiunganishi chake. Viunganishi hivyo viko vya aina mbili, A na B, vinavyotofautiana kwa jinsi nyaya zilivyopangwa ndani, na aina A ndiyo iliyokubaliwa kuwa kanuni mwaka 2018.

Saundi kadi ina faida ya pili, na kwa mpigaji ni kubwa kuliko ya kwanza. Karibu kila anayefunga kinanda cha zamani huniambia "kinachelewa". Anabonyeza, sauti inakuja baadaye, na lawama zinakwenda kwa waya. Tufanye hesabu. Noti moja ni baiti 3, kila baiti inachukua mikrosekunde 320, kwa hiyo noti inafika kwa milisekunde moja hivi. Hata ukibonyeza noti 10 kwa pamoja kwenye kinanda kinachobana maneno, ni baiti 21, yaani milisekunde 7 kasoro kidogo mpaka ya mwisho ifike.

Sasa tazama upande wa sauti. Programu ikiwa na bafa (akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kutolewa) ya sampuli 2,048 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hapo tu ni milisekunde 46. Kwa 512 ni karibu 12. Kwa 128 ni karibu 3. Waya hauhusiki. Kompyuta ndiyo inayojipa muda wa kupika sauti. Saundi kadi yenye draiva yake nzuri ya ASIO, aina ya draiva ya sauti ya haraka kwenye Windows, inakuruhusu kushuka mpaka 128 bila mikwaruzo. Kwa anayetumia sauti ya laptopu yenyewe kwenye Windows, draiva ya jumla iitwayo ASIO4ALL inasaidia, ila si kwa kila laptopu. Kwenye Mac jambo hili halina kero kubwa.

Kwa hiyo kama kero yako ni kuchelewa, waya wa jina hautaiondoa. Saundi kadi huenda ikaiondoa.

Bluetooth, na njia nyingine za kupitia haraka

Kuna vijidude vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye tundu la duara, kama Yamaha MD-BT01 na WIDI Master ya CME. Vinachukua umeme kidogo kutoka kwenye tundu la MIDI OUT lenyewe. Kwa mwenye Mac, iPad au iPhone ni raha, mfumo unavielewa wenyewe. Kwa mwenye Windows sipendekezi. Programu nyingi za muziki huko hazioni MIDI ya Bluetooth moja kwa moja, na utaanza kuunganisha programu za daraja moja baada ya nyingine. Kwa kanisani, ambako kinanda kiko jukwaani na laptopu iko kwa fundi mitambo, nakuelewa ukivitamani. Lakini waya wa MIDI unaruhusiwa kufika mita 15.

Mwenye mkono wa kuchomea risasi anaweza kujitengenezea kiboksi chake: bodi ndogo ya Arduino Leonardo au Pro Micro, optokapla ya 6N138, vipingamizi viwili vitatu na tundu la duara (DIN). Bodi hizo mbili zina chipu ya ATmega32U4 inayoweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kifaa cha MIDI. Nimeona vya namna hiyo vikifanya kazi vizuri kuliko waya wangu wa kwanza.

Tundu la joistiki la pini 15 kwenye kompyuta za zamani liliwahi kupitisha MIDI. Kama unalo, una kompyuta ya makumbusho, na haya yote hayakuhusu.

Kabla ya kurudisha waya dukani

Nusu ya waya "mbovu" nilizoletewa zilikuwa nzima. Kosa la kwanza ni vichwa. Kwenye baadhi ya waya, kichwa kilichoandikwa IN kinakwenda kwenye OUT ya kinanda, kwenye nyingine maandishi yanamaanisha "chomeka mimi kwenye IN". Wasioelewana ni waandishi wa lebo, wewe badilisha vichwa ujaribu. Kuna pia wanaochomeka kwenye THRU. Tundu hilo hurudia kilichoingia kupitia IN tu, unachopiga wewe hakipiti hapo.

Kwa Yamaha za miaka ya 1990 zenye kitundu kidogo cha TO HOST, kama CS1x, tafuta nyuma swichi ya HOST SELECT. Ikiwa kwenye Mac au PC-2, matundu ya duara yamelala. Iweke kwenye MIDI. Swichi hiyo imewafanya watu watupe vinanda vizima.

Kama kinanda ni cha kanisani chenye sauti zake, na kila noti inasikika mara mbili, zima Local Control kwenye kinanda, yaani mpangilio unaofanya vitufe vipige sauti za kinanda chenyewe. Na kwenye Windows, ukiwa umefungua programu mbili za muziki kwa pamoja, ya pili inaweza kunyimwa kinanda kwa sababu ya kwanza imekishika.

Tazama pia taa ya kiboksi. Roland na Yamaha nyingi za zamani hutuma kila wakati ishara fupi ya "bado nipo", hata hujagusa kitu, kwa hiyo taa ya kuingia inamemeta yenyewe. Ukiiona inamemeta, kinanda kizima, waya mzima, tatizo liko kwenye programu. Kwenye Windows fungua MIDI-OX, kwenye Mac MIDI Monitor, kwenye Linux andika aseqdump -p ikifuatwa na namba ya kinanda, uone namba zikipita.

Umeme wenyewe usiuchezee. Adapta za Roland za volti 9 kwa kawaida zina hasi katikati ya plagi. Za Yamaha za volti 12 zina chanya katikati. Plagi zinaweza kuingia kote kote bila malalamiko. Soma mchoro ulio karibu na tundu la kinanda, si ulio kwenye kumbukumbu ya muuzaji.

Ukienda kununua waya, beba kinanda na laptopu, hata kama unaona aibu kupanda navyo daladala. Usijaribu kwa noti moja moja, kwa noti moja kila waya ni mzuri. Kanyaga pedali, shika noti zote kumi, pinda mpini mpaka mwisho na kuurudisha mara ishirini, kisha uachie vyote kwa pamoja na usikilize kama kuna noti iliyobaki.